Kabla ya Queen: Ibex, bendi ya Liverpool iliyompokea kijana wa Unguja

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Juzi maskani tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba Freddie Mercury alikuwa na bendi yake ya rock hapa hapa Unguja, akaondoka nayo kwenda Uingereza baada ya Mapinduzi, na huko ndiko ilikogeuka kuwa Queen, ile bendi ya rock iliyovuma dunia nzima. Mwingine anasema si kweli, kabla ya Queen aliimbia bendi moja ya Liverpool mwishoni mwa miaka ya sitini, bendi ambayo leo haina anayeikumbuka. Mimi nimeona filamu tu, na filamu haikutaja Unguja kuwa na bendi wala Liverpool. Ukweli ni upi? Na kama bendi hiyo ilikuwepo, ilikuwaje, na ilikufa kwa sababu gani?" Msomaji wa Malindi, Unguja.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Huyo wa Liverpool ndiye mwenye haki ya kuagiza chai nyingine. Bendi ilikuwepo, iliitwa Ibex, na Freddie aliiimbia kuanzia Agosti 1969. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imeshabadilishwa jina ikaitwa Wreckage, na imeshavunjika. Ila msiongeze chumvi: hakuiunda yeye, na si hiyo iliyokuja kuwa Queen. Ilikuwa bendi ya watu, ina mpiga gita wake, mpiga besi wake na mpiga drams wake, na Freddie aliikuta njiani akaidandia kama mtu anayedandia daladala iliyokwisha kuondoka kituoni.

Nianze na Unguja ili tuimalize. Alizaliwa hapo tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, na baba alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Akiwa na miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni India, St Peter's ya Panchgani, mji wa milimani upande wa kusini wa Bombay. Huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie, na huko ndiko alikoingia bendi kwa mara ya kwanza: wanafunzi watano waliojiita The Hectics, mwaka 1958 au karibu na hapo, wakikopi nyimbo za Cliff Richard na Little Richard kwenye shughuli za shule. Na kwenye Hectics, jambo ambalo hata mashabiki wake sugu hulipitia haraka, Freddie hakuwa mwimbaji wa mbele. Alikaa kwenye piano na kuitikia. Aliyeshika maiki alikuwa Bruce Murray.

Alirudi Unguja mwaka 1963 akiwa na miaka kumi na sita. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yakamkuta hapo pamoja na wazazi na dada yake Kashmira, na mwaka huo huo familia ikahamia Feltham, kitongoji cha magharibi mwa London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Basi hesabuni wenyewe maskani. Muda aliokaa Unguja akiwa na umri wa kuunda bendi ni mfupi mno, na bendi pekee aliyokuwa ameipitia ilibaki Panchgani pamoja na wenzake. Hiyo bendi ya rock ya Unguja iliyopanda ndege ni hadithi tamu, lakini ni hadithi.

Sasa tuje London, maana Ibex haieleweki bila chuo kimoja cha sanaa. Septemba 1966 Freddie aliingia Ealing kusomea uchoraji na usanifu wa michoro. Usidhani ni mahali pa pembeni. Pete Townshend wa bendi ya The Who alipita hapo, na mpiga gita Ronnie Wood vilevile, huku John Lennon wa Beatles akiwa amesoma chuo cha aina hiyo hiyo kule kwao Liverpool. Wengi huuliza kwa nini rock ya Kiingereza ya miaka ile imejaa watu waliosomea kuchora. Jibu langu huwa si la kishairi: serikali ilikuwa ikiwalipia ada na kuwapa posho ya kujikimu. Kijana aliyekuwa na posho ya chuo, chumba cha kuchangia na saa nyingi za jioni angeweza kufanya mazoezi ya bendi miaka mitatu bila kufa njaa. Posho ikikatika, muziki nao unaanza kudai nauli. Lishike hilo, tutalihitaji tukifika kwenye kifo cha Ibex.

Pale Ealing Freddie alizoeana na mwanafunzi mwenzake, Tim Staffell, aliyekuwa akiimba na kupiga besi katika bendi iitwayo Smile. Mpiga gita wa Smile alikuwa Brian May, mwanafunzi wa fizikia wa Imperial College, mwenye gita alilolitengeneza kwa mikono yake akisaidiwa na baba yake, shingo ya gita hilo ikiwa imechongwa kutoka kwenye ubao wa meko kuukuu. Mpiga drams walimpata kwa tangazo la kwenye ubao wa chuo, lililotaka mtu wa kupiga kwa mtindo wa Ginger Baker wa Cream na Mitch Mitchell wa Jimi Hendrix, wapiga drams waliovuma wakati ule. Akaja Roger Taylor, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Smile walianza maonyesho Oktoba 1968 kwa kuitangulia Pink Floyd pale Imperial College, na Februari 27, 1969 wakapanda jukwaa la Royal Albert Hall katika onyesho la hisani. Kwa bendi ya wanafunzi hayo si haba.

Freddie alikuwa shabiki wao, rafiki yao, na msumbufu wao. Alihudhuria, akasafiri nao, na baada ya onyesho akawaambia wavae nini, wasimame vipi, wajipange vipi ili watu wawatazame. Alikuwa na hamu ya kuimba iliyokuwa ikimwasha mwili mzima, lakini nafasi haikuwepo, kwa kuwa Tim ndiye mwimbaji na Tim ni rafiki. Hapo filamu ya 2018, Bohemian Rhapsody, ilikupoteza, ndugu yangu. Imeonyesha Freddie akijitokeza usiku mmoja kwa Brian na Roger kama mtu asiyejulikana, mara tu baada ya Tim kujiondoa. Ukweli ni kwamba walikuwa wamejuana kwa muda mrefu, na kati ya kujuana huko na kuzaliwa kwa Queen kuna mwaka mzima aliokuwa akijifunza kazi kwenye vyombo vya watu wengine. Ibex ndiyo sehemu kubwa ya mwaka huo.

Kiangazi cha 1969 Ibex walishuka London kutoka maeneo ya Liverpool kutafuta riziki ya muziki. Mike Bersin alipiga gita, John Taylor, waliyemwita Tupp, alipiga besi, na Mick Smith, kwa jina la utani Miffer, alikuwa kwenye drams. Meneja wao alikuwa kijana mwenzao, Ken Testi, mtu aliyekuwa na bidii ya simu: anapiga, anaomba, anabembeleza, mpaka mtu wa chuo fulani anakubali kuwapa usiku mmoja. Walipiga blues nzito kwa mtindo wa vikundi vya watu watatu uliokuwa umeshamiri wakati ule, ule wa Cream na wa Jimi Hendrix, ambamo gita linajaza pengo lote na uimbaji ni kama wajibu wa kutimizwa. Bersin mwenyewe ndiye aliyekuwa akiimba, na yeye mwenyewe alijua kwamba pale palikuwa na kasoro.

Jijini wakakutana na watu wa Smile, na pembeni ya Smile yupo Freddie, ambaye kozi yake ya Ealing imekwisha miezi michache tu iliyopita. Yeye anatafuta bendi, wao wanatafuta sauti. Makubaliano hayakuchukua muda. Kwa muda usiofika wiki mbili alishika nyimbo zao zote, na wakati huo huo akaanza kuwapangia wao namna ya kuzipiga. Tarehe 23 Agosti 1969 akasimama nao kwa mara ya kwanza mbele ya watu, mchana, katika ukumbi wa Octagon Theatre wa mji wa Bolton, zaidi ya kilomita 300 kutoka London. Kesho yake, Agosti 24, wakapiga tena mjini humo, mara hii uwanjani, katika bustani ya Queen's Park.

Picha za Bolton zipo, na ukizipata uzikague taratibu. Utamwona kijana mwembamba, nywele mpaka mabegani, nguo za kubana, na mikono iliyonyanyuliwa juu kama mtu aliyezoea uwanja wenye watu elfu sabini. Mbele yake hakukuwa na watu elfu sabini. Palikuwa na vijana waliokaa kwenye nyasi wakisikiliza bendi wasiyoijua. Wenzake wamesimama kama wapiga blues wa enzi hiyo walivyosimama: kichwa chini, macho kwenye vidole. Yeye tayari yuko kwenye onyesho jingine kabisa.

Nitakuambia ninavyolisoma jambo hili, na si kila mwenye kufuatilia historia ya Queen ataniunga mkono. Watu husema Freddie alikuwa na sauti ya ajabu, kisha jukwaa likamjia lenyewe. Mimi naona ilikuwa kinyume chake. Jukwaa lilitangulia. Mwaka 1969 sauti yake ilikuwa bado mbichi, inayumba kwenye noti za juu, na hana uhakika wa pumzi. Alichokuwa nacho tangu siku ya kwanza ni ule ujasiri wa kumtazama msikilizaji usoni. Sauti ikaja kuufuata ujasiri miaka kadhaa baadaye. Bila bendi ndogo ya kuujaribia ujasiri huo mbele ya watu wachache, sijui angeupeleka wapi.

Ushahidi wangu ni mkanda mmoja. Tarehe 9 Septemba 1969 Ibex walipiga Sink Club ya Liverpool, klabu ya chini ya ardhi, ndogo, ya aina ambayo jasho la wachezaji linarudi kuwadondokea kutoka darini. Rafiki wa bendi, Geoff Higgins, ambaye mara nyingine alishika besi, alirekodi onyesho kwa mashine ya kawaida ya mkanda. Si rekodi ya studio. Gita limefunika kila kitu, drams zinasikika kama zinapigwa chumba cha pili, na juu yake kuna sauti ya kijana anayepambana. Wanapiga nyimbo za Cream, za Led Zeppelin ambao albamu yao ya kwanza ilikuwa haijatimiza hata mwaka, na wimbo wa Beatles uitwao "Rain", ambao ndio uliokuja kutolewa rasmi kutoka kwenye mkanda ule.

Usikilize "Rain" hiyo ukijua vyombo vya wakati ule. Bendi ndogo mwaka 1969 haikuwa na fundi mitambo, na wala haikuwa na zile spika za kuelekezwa kwa mwimbaji ili ajisikie. Mpiga gita ana amplifaya yake nyuma, anaifungua mpaka anaposikia raha. Mpiga besi naye anafungua ili asipotee. Mwimbaji amepewa spika mbili nyembamba za pembeni, zinazotazama watu, na hajisikii hata kidogo. Anaimba kwa kukumbuka noti ilipo. Wengi katika hali hiyo walipiga kelele wakaharibu koo, au waliimba chini chini wakamwachia gita. Freddie alitafuta njia ya tatu, akaimba kwa mwili. Alijua kwamba hata kama neno halikusikika, mkono umeonekana. Ile mikogo ambayo dunia iliishangaa Wembley tarehe 13 Julai 1985 katika onyesho la Live Aid, kwa maoni yangu, mzizi wake wa kwanza ni spika mbovu.

Usiku huo wa Sink una kisa chake. Smile walikuwa na shughuli upande huo huo wa nchi, Brian May na Roger Taylor wakaja kuwatazama rafiki zao, na mwishoni, kwa masimulizi ya waliokuwepo, wakapanda jukwaani kupiga pamoja. Yaani watatu kati ya wanne waliokuja kuwa Queen walisimama jukwaa moja kwa mara ya kwanza Liverpool, ndani ya onyesho la bendi nyingine. Na mkanda wa Higgins? Ulikuwa umekwisha. Mtu yeyote aliyewahi kurekodi harusi kwa kaseti anajua uchungu huo.

Kwa nini Liverpool lakini, ikiwa walishuka London kutafuta bahati? Hapa tunarudi kwenye posho. Septemba ikafika na vyuo vikafunguliwa. Mike Bersin alikuwa na nafasi katika chuo cha sanaa cha Liverpool, na nafasi ya chuo haichezewi. Akarudi kwao. Bendi ikawa na miguu miwili, mmoja kaskazini na mwingine kusini, na kati yake barabara kuu ya zaidi ya saa nne kwenye gari la mizigo lililojaa spika. Freddie akamfuata Bersin kaskazini. Kwa sehemu ya majira yale alilala Dovedale Towers, baa iliyoko Penny Lane, ambako familia ya Higgins ilikuwa ikiishi ghorofani. Ndiyo, ni Penny Lane ile ile waliyoifanya Beatles kuwa maarufu. Huyu aliyewahi kuishi Mji Mkongwe, Panchgani na Feltham sasa analala juu ya baa ya Liverpool, hana kazi, hana posho, ana koti zuri.

Kazi zilikuwa chache. Vuli ile ya Ulaya, yaani majani yanapopukutika, bendi ndogo zilikuwa tele na kumbi za vyuo zilikuwa zimepangwa mapema. Freddie akaona tatizo ni jina. Kisa cha kubadilisha jina kimesimuliwa na Bersin, nami nakipenda kwa sababu kinamwonyesha Freddie mzima mzima. Alimpigia simu kila mwanabendi kwa wakati wake. Kwa kila mmoja alieleza kwamba wengine wote wameona bora bendi iitwe Wreckage, je, yeye ana kinyongo? Kila mmoja akajibu kwamba ikiwa wenzake wameridhia, yeye hana neno. Walipokuja kukutana wakagundua hakuna aliyeridhia kabla ya mwenziwe. Wakati huo jina jipya lilikuwa limekwisha kupakwa rangi kwenye vyombo. Watu wanaoshangaa jinsi alivyowashawishi wenzake kuikubali "Queen" kuwa jina la bendi mwaka uliofuata, au jinsi alivyowauzia "Bohemian Rhapsody", wimbo wa karibu dakika sita, mwaka 1975, wajue zoezi lilianza mapema.

Jina halikuleta wateja. Mick Smith akaondoka kwa sababu inayomwondoa mpiga drams yeyote wa mtaani: alihitaji mshahara. Nafasi yake ikashikwa na Richard Thompson, ambaye zamani alipiga na Brian May na Tim Staffell katika bendi yao ya kwanza, iliyoitwa 1984. Unaona jinsi dunia ile ilivyokuwa ndogo. Wanamuziki kumi hivi, nyumba mbili tatu za kupanga, gari moja la kuazimana, na majina ya bendi yakizunguka juu yao. Upande wa London, watu wa Smile na wa Ibex walipanga nyumba pamoja mtaa wa Barnes, wakalala wengi kuliko vitanda. Freddie na Roger Taylor wakafungua kibanda cha mitumba na michoro katika soko la Kensington, wakiuza nguo za zamani kwa bei ya mtu anayejua kusifia bidhaa yake. Kwa kweli biashara hiyo ilidumu kuliko bendi.

Wreckage walipiga pale Ealing tarehe 31 Oktoba 1969, Freddie akirudi kama nyota kwenye chuo alichomaliza karibuni, kisha wakapata maonyesho machache ya kubahatisha. Kuna simulizi ya wanabendi wenzake kuhusu onyesho mojawapo la kaskazini, shuleni. Stendi ya maiki ilikuwa ya zile za zamani, kitako chake cha chuma kizito. Freddie alikuwa na tabia ya kuinyakua na kuizungusha, na siku hiyo kitako kikabaki chini huku bomba la juu likija naye. Badala ya kuinama kukiokota akaendelea na nusu stendi mkononi, akagundua kwamba ni nyepesi, inazungushika, inaweza kuwa gita, fimbo au kitu chochote atakacho. Nimekutana na kisa hiki kikiwekwa tarehe na mahali tofauti, kwa hiyo sikupi siku yake. Nusu stendi yenyewe umeiona kwenye kila picha yake maarufu.

Mwezi Novemba mambo yakaisha. Hapakuwa na ugomvi mkubwa, wala msiba, wala mwanamke, wala pesa zilizoibwa. Hakukuwa na pesa za kuiba. Bersin alikuwa na masomo Liverpool, Freddie alitaka kuwa London, kumbi hazikupatikana, petroli ilikuwa inalipwa kwa kuchangishana. Ndivyo bendi nyingi za mitaani zinavyokufa, hapa kwetu na kwao: hakuna anayetangaza, ila siku moja hakuna anayepanga mazoezi.

Nikiwa hapo kwenye Novemba 1969, niruhusu nichepuke. Huyu kijana wa Unguja anapovaa nguo za kubana mbele ya wanafunzi wa Kiingereza, upande wa Bara kwetu vita ilikuwa juu ya nguo hizo hizo. Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU ilianza mwaka huo, ikizipiga vita sketi fupi, suruali za kubana na mawigi. Na mwezi huo huo wa Novemba, Mkuu wa Mkoa wa Pwani alipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za Dar es Salaam, wakati vijana wa mjini walikuwa wakiupiga na kuucheza kwa wazimu. Mara kwa mara naulizwa Freddie angekuwaje kama familia ingebaki. Siwezi kujibu mambo ya "kama". Ninaloweza kusema ni kwamba vijana wa Dar wa umri wake nao walikuwa na magita, walikopi rekodi zile zile kutoka ng'ambo, na historia yao imeandikwa kidogo mno ukilinganisha na kila noti ya Freddie. Siku mtakapobishana juu ya bendi hizo maskani, niiteni na mimi nije.

Turudi. Mwanzoni mwa 1970 Freddie alijibu tangazo la gazeti la muziki akaingia bendi nyingine, Sour Milk Sea. Hiyo hata haikumaliza msimu. Alikuwa na mawazo mengi kuliko wenyeji walivyoweza kuyabeba. Wakati huo Smile nao walikuwa wamechoka. Walikuwa wametoa santuri moja tu, Agosti 1969, kwa soko la Marekani peke yake, na haikuuzika. Tim Staffell akaamua kwenda zake. Ndipo nafasi iliyokuwa imezibwa tangu Ealing ikafunguka, na Aprili 1970 Freddie, Brian na Roger wakawa bendi moja. Onyesho lao la kwanza lilikuwa Truro, kule Cornwall kwao Roger, tarehe 27 Juni 1970, na walikuwa wameombwa kama Smile. John Deacon, mpiga besi na mtu wa nne wa Queen, hakuingia mpaka 1971.

Ibex haikupotea bure. Ken Testi, yule meneja wa simu, aliendelea kuwatafutia Queen kumbi katika siku zao za mwanzo, zikiwamo za kaskazini alikowazoea watu. Wimbo "Stone Cold Crazy", uliotoka katika albamu ya Queen ya mwaka 1974, asili yake ni enzi za Wreckage. Queen waliubadilisha sana mpaka wakashindwa kukumbuka nani aliandika nini, wakaandika majina ya wote wanne. Zaidi ya vitu hivyo vinavyoshikika, kuna kile nilichokitaja juu: Freddie aliyefika kwa Brian na Roger mwaka 1970 hakuwa tena yule mshauri wa mavazi anayekaa ukingoni mwa jukwaa. Alikuwa ameshaporomosha maonyesho, ameshasahau maneno mbele ya watu, ameshajua usiku wa watu ishirini unavyochosha kuliko wa watu elfu. Smile wangemchukua mwaka 1968 wangempata mtu mwenye kipaji na kelele.

Ukitaka kuwasikilizisha wenzako, tafuta mkusanyo wa kazi zake binafsi uliotolewa mwaka 2000. Humo imo "Rain" ya Ibex kutoka Sink Club, na imo pia "Green" ya Wreckage, iliyorekodiwa nyumbani wakati wa mazoezi. Anza na "Green", kwa sababu vyombo viko chini na sauti inasikika vizuri zaidi. Utamsikia akiwaelekeza wenzake kama mwalimu wa madrasa asiye na subira. Kisha weka "Rain". Halafu, kama mwenzenu wa bendi ya Unguja bado hajaridhika, mpelekeni Shangani, kwenye jumba la makumbusho ya Freddie lililofunguliwa Novemba 2019. Ni mwendo mfupi tu kutoka hapo Malindi, na akifika awaulize wenyewe.